Mgeni na Jembe: Faida za Kujifunza na Kutumika Ugenini kwa Mwanafunzi wa Theolojia

Utangulizi

Kila mwaka, ufikapo wakati wa kupendekeza majina ya wanafunzi watakaokwenda kusoma ng'ambo kwa muhula mmoja au kwa mwaka mzima, swali lile lile huturudia sisi tulio walimu wa theolojia. Je, Kanisa linapata faida gani linapomwondoa kijana wake nyumbani na kumpeleka katika nchi ya mbali, hali sharika nyingi bado zinahudumiwa na mchungaji mmoja anayezunguka mitaa mitano au sita? Wapo wazee wa Kanisa wanaolijibu swali hili kwa uchungu. Wamewaona vijana waliokwenda wakiwa wanyenyekevu wakarudi wakiwa na dharau, na wengine hawakurudi kabisa. Wapo pia wanafunzi wanaolijibu kwa haraka: faida ni cheti, heshima, na kuifahamu dunia.

Kwa maoni yetu, majibu haya mawili hayatoshi, na tena yana kosa moja linalofanana. Yote mawili hupima safari kwa kile ambacho mwanafunzi anakipata au anakipoteza yeye mwenyewe. Hayaulizi alifanya nini kule alikokwenda, wala alitumwa kwa nani. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba faida kubwa ya kusoma ugenini haipatikani darasani peke yake, bali hupatikana pale ambapo kujifunza kunafungamana na kutumika kwa kujitolea kati ya watu wa mahali pale. Tutafanya hivyo kwa kumtazama mwanafunzi mmoja, Dietrich Bonhoeffer. Wasomaji wetu wengi wanamfahamu kama mchungaji Mlutheri aliyeuawa na utawala wa Hitler tarehe 9 Aprili 1945. Ni wachache waliomtazama kama mwanafunzi wa ng'ambo. Baada ya hapo tutaangalia mifano iliyo karibu nasi, kisha tutataja hatari zilizopo na masharti ambayo, kwa rai yetu, yanapaswa kuzingatiwa.

1. Mgeni hupewa jembe

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hii mwaka 1962 alipoeleza misingi ya Ujamaa, ili kuonyesha kwamba ukarimu wa Kiafrika haukuwa na nafasi ya unyonyaji. Lakini methali hii ina maana nyingine ambayo mara nyingi tunaipita. Jembe si adhabu kwa mgeni. Mgeni asiye na jembe huishia sebuleni. Hupewa kiti kizuri, hupikiwa kuku, na huambiwa yale tu ambayo mwenyeji anapenda yasikiwe. Siku anapoingia shambani pamoja na wenyeji ndipo anapojua ni nani mgonjwa katika nyumba ile, deni ni kiasi gani, na kwa nini ndugu wawili hawasemezani. Jembe humtoa sebuleni na kumwingiza katika ukoo.

Maandiko Matakatifu yanaonyesha jambo hilo hilo. Ruthu Mmoabi hakujulikana Bethlehemu kwa hotuba, bali kwa masuke aliyoyaokota nyuma ya wavunaji (Ruthu 2). Mtume Paulo alipofika Korintho, mji wa kigeni, alikaa kwa Akila na Prisila akafanya nao kazi ya kushona mahema (Mdo. 18:1-3), na kutokana na nyumba ile ya kazi wakapatikana washiriki waaminifu wa huduma yake. Kwa hiyo tunaposema kuwa mwanafunzi atumike kwa kujitolea ugenini, hatuleti jambo geni lililobuniwa na mashirika ya siku hizi. Tunarudia njia ya zamani ya kuwa mgeni mwema.

2. Safari tatu za mwanafunzi mmoja

Bonhoeffer alizaliwa tarehe 4 Februari 1906 katika jamaa ya wasomi. Baba yake alikuwa profesa wa magonjwa ya akili mjini Berlin. Kabla hajafikisha umri wa miaka 26 alikuwa amekwisha kukaa ugenini mara tatu, na kila safari ilikuwa na sura yake.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kutazama. Mwaka 1924, akiwa na miaka 18 na mwanafunzi mchanga wa theolojia, alikwenda Roma pamoja na ndugu yake Klaus, wakavuka hata Afrika ya Kaskazini. Katika Juma Takatifu alihudhuria ibada za Kanisa Katoliki mjini Roma, akawaona makasisi na waumini wa mataifa na rangi mbalimbali wakiabudu pamoja. Kwa kijana aliyelelewa katika Uprotestanti wa Kijerumani, ambako kanisa na taifa vilikuwa vimeshikana kama chanda na pete, hilo lilikuwa jambo jipya. Katika kumbukumbu zake za siku zile aliandika kwamba alikuwa anaanza kuelewa kanisa ni nini. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1927, alitoa andiko lake la udaktari juu ya ushirika wa watakatifu.

Safari ya pili ilikuwa ya kutumika. Mwaka 1928 alipelekwa Barcelona, Hispania, kuwa msaidizi wa mchungaji katika usharika mdogo wa Wajerumani waliokuwa wakiishi huko. Alikuta wafanyabiashara waliopenda mambo yao zaidi ya ibada, na pia Wajerumani maskini waliokwama mjini bila kazi wala nauli ya kurudi kwao. Alianzisha ibada ya watoto, akawatembelea majumbani, na akasikiliza shida ambazo hakuna profesa aliyewahi kumfundisha. Alikaa huko mwaka mmoja.

Safari ya tatu iliunganisha yote mawili. Mwezi Septemba 1930 alifika New York, Marekani, kwa ufadhili wa masomo katika Seminari ya Union. Ikumbukwe kwamba hakuwa na haja ya shahada nyingine. Alikuwa daktari wa theolojia, na alikuwa amekwisha kukamilisha andiko la pili lililomruhusu kufundisha katika Chuo Kikuu cha Berlin. Alikwenda kwa sababu umri wake ulikuwa bado haujatosha kubarikiwa uchungaji. Na kwa kweli darasani hakuridhika. Aliona kwamba wanafunzi wengi wa pale walizungumza juu ya mambo ya jamii bila msingi wa mafundisho ya imani, naye hakuficha maoni hayo katika taarifa aliyoiandika. Kama safari yake ingekuwa ya darasani tu, huenda angerudi kwao na majivuno yake yakiwa yameongezeka.

Lakini mwanafunzi mwenzake mmoja, Frank Fisher, Mmarekani mweusi kutoka jimbo la Alabama, alimchukua hadi Harlem, katika Kanisa la Kibaptisti la Abyssinian. Kanisa hilo lina historia iliyoanza mwaka 1808, na asili yake ni Wakristo weusi waliokataa kutengewa viti vyao ibadani kwa sababu ya rangi. Mchungaji wake wakati ule alikuwa Adam Clayton Powell, baba wa mwanasiasa mwenye jina hilo hilo. Ulikuwa wakati wa dhiki kubwa ya uchumi iliyoanza mwaka 1929, na watu wa Harlem walikuwa wameumizwa kuliko wengine. Bonhoeffer hakwenda huko kutazama ibada na kuondoka. Kwa miezi kadhaa, Jumapili hadi Jumapili, alisaidiana na Fisher kuwafundisha wavulana wa Shule ya Jumapili, na pia alifundisha Biblia katika kikundi cha akina mama. Aliingia katika nyumba zao. Alisoma vitabu vya waandishi weusi. Inasimuliwa kwamba siku moja yeye na Fisher waliingia katika nyumba ya chakula, na walipokataa kumhudumia Fisher kwa sababu ya rangi yake, Bonhoeffer aliinuka na kutoka pamoja naye.

Huyo ndiye mgeni aliyepewa jembe. Daktari wa theolojia wa Berlin alikaa na watoto katika chumba cha Shule ya Jumapili, chini ya uongozi wa mchungaji mweusi, katika mtaa ambao wazungu wengi wa mji ule hawakuukanyaga.

3. Faida zilizopatikana

Tukiutazama mfano huu kwa utulivu, tunaweza kutaja faida nne.

(a) Kuliona Kanisa katika upana wake. Katika Kanuni ya Imani tunakiri Kanisa moja, takatifu, la ulimwengu wote. Maneno hayo tunayatamka kila Jumapili, lakini wengi wetu tunapoyatamka tunaliona Kanisa la dayosisi yetu, lenye nyimbo zetu na desturi zetu. Mwanafunzi anayeabudu kwa lugha asiyoifahamu vema, akapokea Chakula cha Bwana kutoka katika mkono wa mtu asiyefanana naye, anajifunza kwamba Kristo alikuwepo pale kabla yeye hajafika. Somo hili huvunja kiburi cha kabila na cha taifa. Hatuna haja ya kueleza sana jinsi Afrika ya Mashariki inavyolihitaji. Mwaka 1994 katika nchi jirani ya Rwanda watu waliobatizwa waliwaua watu waliobatizwa, na makanisa mengine yakawa mahali pa mauaji.

(b) Kutoka katika maneno na kuingia katika hali halisi. Mwezi Aprili 1944, akiwa gerezani, Bonhoeffer alimwandikia rafiki yake kwamba hakuona kuwa amebadilika sana maishani, isipokuwa alipokutana kwa mara ya kwanza na mambo ya nchi za nje, na alipoanza kutambua nguvu ya tabia ya baba yake. Alisema kwamba hapo ndipo alipogeuka kutoka katika maneno matupu kuelekea mambo yalivyo. Ushuhuda huu ni wa thamani kwa vyuo vyetu. Mwanafunzi wa theolojia anaishi kati ya maneno, na ni rahisi kwake kudhani kwamba jambo likielezwa vizuri limekwisha kutendeka. Lakini neno neema, likisemwa mbele ya mtoto aliyekuja Shule ya Jumapili bila kula tangu jana, humrudia msemaji na kumuuliza maswali.

(c) Kuiona nchi yako kwa macho mengine. Huko Harlem Bonhoeffer aliona jinsi Wakristo walivyoweza kuwatenga Wakristo wenzao kwa misingi ya rangi huku wakiimba sifa za Mungu yule yule. Hakuna aliyejua wakati huo kitakachotokea Ujerumani. Lakini mwezi Aprili 1933 utawala mpya wa Hitler ulipotoa sheria ya kuwaondoa watu wa asili ya Kiyahudi katika utumishi wa serikali, na baadhi ya watu wa Kanisa wakataka sheria kama hiyo itumike hata kwa wachungaji, Bonhoeffer alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika dhidi yake. Alisema kwamba Kanisa lina wajibu wa kuihoji serikali, wajibu wa kuwasaidia wanaoonewa hata kama si Wakristo, na kwamba huenda ukafika wakati ambapo kuwafunga majeraha walioumizwa hakutoshi, bali ni lazima kulizuia gurudumu lenyewe linalowasaga. Hatusemi kwamba Harlem peke yake ndiyo iliyomfundisha hayo. Alikuwa na malezi mema ya nyumbani, na jamaa yake iliunganishwa kwa ndoa na watu wa asili ya Kiyahudi. Hata hivyo, mtu aliyekwisha kuona ubaguzi kutoka upande wa wanaobaguliwa hudanganywa kwa shida zaidi.

(d) Urafiki unaovuka uadui. Pale Union alikutana na Jean Lasserre, Mfaransa. Mataifa yao yalikuwa yamepigana vita vikali kati ya mwaka 1914 na 1918, na Bonhoeffer mwenyewe alimpoteza kaka yake Walter katika vita hivyo. Hao wawili walikwenda pamoja kutazama sinema juu ya vita ile, na Lasserre alisimulia baadaye jinsi walivyohuzunika kuwaona watazamaji wakifurahia askari walipokuwa wakiuawa. Mwaka 1931 walisafiri pamoja kwa gari hadi Meksiko, na huko Mjerumani na Mfaransa walisimama pamoja kuzungumza juu ya amani. Lasserre ndiye aliyemsukuma Bonhoeffer ayachukue Mafundisho ya Mlimani kuwa amri za kutiiwa leo. Matunda ya urafiki huo yanaonekana katika kitabu chake juu ya kumfuata Kristo kilichotoka mwaka 1937. Urafiki wa namna hii hauandikwi katika cheti chochote.

4. Mifano iliyo karibu nasi

Msomaji anaweza kusema kwamba Bonhoeffer alikuwa Mzungu aliyekwenda kwa Wazungu wenzake, na kwamba habari zake hazituhusu. Tunaona sivyo, na jina moja linatosha kutuunganisha naye: Bethel. Mji huo wa huduma ulioko Bielefeld, Ujerumani, ulianza mwaka 1867 kama makao ya wagonjwa wa kifafa, na tangu mwaka 1872 uliongozwa na Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Kutoka Bethel walikuja wamisionari na mashemasi waliofanya kazi Usambara na Bukoba. Mwezi Agosti 1933 Bonhoeffer alikuwa Bethel akishiriki kuandika ungamo la imani, na kutoka huko alimwandikia bibi yake jinsi alivyoguswa alipowaona wagonjwa wakikaa ibadani pamoja na wazima. Baadaye, katika Bethel hiyo hiyo, alisoma Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye alisoma pia Boston, Marekani. Kibira aliwekwa kuwa Askofu mwaka 1964, na mwaka 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Alikwenda ng'ambo akiwa mtoto wa uamsho wa Buhaya, na alirudi akiwa bado mtoto wa uamsho huo, lakini mwenye uwezo wa kusema na Kanisa la dunia nzima bila kubabaika.

Tuongeze na jambo dogo la kwetu wenyewe, kwa kuwa si haki kuwashauri wengine bila kueleza tulikopitia. Tulipokuwa masomoni Ujerumani, usharika uliotupokea ulituomba tusaidie kila Jumamosi katika nyumba ya kutunzia wazee. Hatufichi kwamba siku ya kwanza tuliona aibu. Kwetu tulizoea kuitwa Mchungaji na kukaribishwa mbele, na huku tulipewa aproni na bakuli la supu tumlishe mzee ambaye mikono yake ilitetemeka. Kila Jumamosi alituuliza tunatoka wapi, na kila Jumamosi iliyofuata alikuwa amesahau. Kwa miezi sita tulikuwa tumesoma maktabani juu ya neema ya Mungu isiyolipwa. Ni katika chumba kile tulipoanza kuelewa maana ya kutenda jambo ambalo halitakumbukwa wala kurudishwa.

Siku moja mzee yule alituuliza swali jingine: ni nani aliyekuwa akimlisha baba yetu? Wakati huo baba yetu alikuwa mgonjwa nyumbani, akitunzwa na dada yetu peke yake. Hatukuweza kumjibu mzee kwa lugha yoyote. Tulimaliza masomo, tukarudi, na katika usharika wa kwanza tuliopangiwa tuliwaomba wazee wa Kanisa watupatie orodha ya watu ambao hawajafika ibadani kwa mwaka mzima kwa sababu ya uzee au ugonjwa. Orodha hiyo haikuwepo. Ilipotengenezwa ilijaza kurasa mbili za daftari, na wengine waliokuwa ndani yake walikuwa hawajapokea Chakula cha Bwana kwa miaka mingi, ingawa waliishi umbali wa kutembea kwa mguu kutoka kanisani. Jambo hilo hatukulijifunza ng'ambo kama kitu kipya. Lilikuwa mlangoni petu siku zote, bali ilitubidi kwenda mbali ili tulione.

5. Hatari na masharti

Si kila safari huzaa matunda haya. Upo utumishi wa kujitolea ambao ni utalii uliovaa nguo za huduma. Kijana hufika kwa wiki mbili, hupiga picha na watoto yatima, hupaka rangi ukuta ambao fundi wa pale angeupaka vizuri zaidi na kupata posho ya watoto wake, kisha huondoka. Watoto waliomzoea huachwa wakilia, na baada ya mwezi huletewa mgeni mwingine wa kuzoea. Tumeyaona haya kwa wageni wanaokuja kwetu, na haitakuwa haki tukiyatenda sisi tunapokwenda kwa wengine. Ipo pia hatari ya mwanafunzi kujitenga na wenyeji, akaishi na watu wa nchi yake tu, akapika ugali wake, akasikiliza habari za nyumbani usiku kucha kwa simu, na kumaliza mwaka bila kuwa amefika. Na ipo hatari ya pesa. Jamaa nyumbani hutarajia kwamba aliyeko Ulaya ana fedha, hivyo saa ambazo angejifunza na kutumika huzitumia kutafuta vibarua vya kutuma nyumbani. Hatuwahukumu walio katika hali hiyo, lakini Kanisa lisijifanye kwamba halijui.

Kwa hiyo tunapendekeza masharti yafuatayo, ambayo yote yanaonekana katika mfano wa Harlem.

Kwanza, mwanafunzi aingie katika huduma kwa mkono wa mwenyeji. Bonhoeffer hakujituma mwenyewe Harlem. Aliongozwa na Fisher. Mahali ambapo hakuna mwenyeji aliyemwomba mgeni, hapana huduma.

Pili, awe chini ya uongozi wa mahali pale. Asiende kama mkombozi bali kama msaidizi, hata kama elimu yake ni kubwa kuliko ya wanaomwongoza.

Tatu, kazi iwe ndogo na ya kudumu. Darasa moja la Shule ya Jumapili kila wiki kwa miezi sita lina thamani kuliko miradi mitatu mikubwa ya wiki moja moja. Uaminifu hupimwa kwa kurudi tena wiki ijayo.

Nne, ajifunze lugha ya watu, si ya vitabu tu. Anayejua lugha ya maktaba lakini hawezi kumfariji mgonjwa kwa lugha hiyo bado ni mgeni wa siku ya kwanza.

Tano, Kanisa linalotuma limwandae na limpokee. Kabla hajaondoka akutane na waliotangulia, aelezwe juu ya baridi, upweke na ubaguzi ambao huenda akakutana nao. Akirudi asikabidhiwe meza ya ofisi siku ile ile, bali apewe nafasi ya kusimulia usharikani na chuoni alichojifunza, na kusahihishwa pale alipoelewa vibaya.

Tuongeze kwamba ugeni si lazima uwe Ulaya au Marekani. Kanisa letu lina jirani zake Kongo, Malawi, Msumbiji na Burundi, na huko pia kuna vyuo, sharika na hospitali za Kikristo. Hata ndani ya mipaka yetu, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, iliwakusanya watu wa Kongo kwa maelfu. Mwanafunzi atakayekaa miezi mitatu kati ya wakimbizi, akifundisha watoto na kujifunza jinsi watu waliopoteza vyote wanavyosali, amefika ng'ambo kweli kweli, ijapokuwa hakupanda ndege.

6. Kurudi nyumbani

Limebaki jambo la mwisho, nalo ndilo linalowaumiza zaidi wazee wetu: wale wasiorudi. Hapa pia Bonhoeffer anatufundisha. Aliporudi Berlin mwaka 1931 alibarikiwa uchungaji mwezi Novemba, na akapewa darasa la kipaimara la wavulana kama 50 katika mtaa wa watu maskini. Vijana wale walikuwa wamemshinda mchungaji mzee aliyekuwa akiwafundisha. Bonhoeffer alipanga chumba katika mtaa ule ule ili waweze kumtembelea jioni. Alikuwa amejifunza kazi hiyo Harlem. Sahani za santuri za nyimbo za Wamarekani weusi alizokuja nazo kutoka New York alizicheza miaka ya baadaye mbele ya wanafunzi wake wa uchungaji huko Finkenwalde, katika seminari ambayo polisi wa siri wa Hitler waliifunga mwaka 1937.

Mwezi Juni 1939 rafiki zake wa Marekani walimwita tena New York wapate kumwokoa, maana vita vilikuwa vinakaribia. Alikuwa na kazi, nyumba na usalama. Hakukaa hata miezi miwili. Mwezi Julai alipanda meli na kurudi. Alimweleza mwalimu wake wa zamani, Reinhold Niebuhr, kwamba hatakuwa na haki ya kushiriki kulijenga upya Kanisa la Ujerumani baada ya vita kama hakushiriki majaribu ya wakati ule pamoja na watu wake. Alikamatwa tarehe 5 Aprili 1943, na hakuwa huru tena.

Hatuelezi haya ili kumlaumu kila aliyebaki ng'ambo. Wapo walioitwa kutumika huko, na wapo waliofungiwa njia ya kurudi. Tunaeleza haya ili kuonyesha kwamba kutumika ugenini hakumwondoi mtu kwao. Mtu aliyejifunza kuwapenda watoto wa Harlem hakuweza tena kuwaacha watoto wa Berlin. Anayekwenda kuchukua tu atakaa mahali penye vya kuchukua vingi zaidi. Aliyejifunza kutoa atauliza ni wapi anapohitajiwa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba swali la faida ya masomo ya ng'ambo halijibiwi kwa kuhesabu vyeti wala kwa kuwahesabu waliopotea. Hujibiwa kwa kuuliza kama mwanafunzi alipewa jembe, na kama alikubali kulishika. Kwa wanafunzi wetu tunasema: jina lako likipita, usiulize kwanza chuo kina maktaba gani, bali uliza pia ni usharika gani utakaokupokea na ni kazi gani watakayokupa. Kwa wachungaji na wazee wa Kanisa tunasema: msiogope kuwatuma vijana, lakini waandaeni, waandikieni, na warudipo wasikilizeni. Na kwa sisi walimu, tuweke katika mapendekezo yetu si alama za mitihani tu, bali na ushuhuda wa jinsi mwanafunzi alivyotumika katika usharika alikofanya mazoezi yake. Asiyejua kushika jembe kwao hatafundishwa kulishika na tiketi ya ndege.

Bwana wetu mwenyewe alikuja kwetu kama mgeni, akakaa kati yetu kama atumikaye (Lk. 22:27). Anayemfuata katika njia hiyo, awe Bukoba, Bielefeld au New York, hayuko ugenini.